Sindano imeninenepesha, sasa nishike njia gani?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 29, naishi Tanga na kazi yangu ni ushonaji. Nakuandikia usiku huu watoto wamelala na baba yao yuko zamu, maana jambo hili nimelizungusha kichwani mpaka usingizi umenikimbia.

Nilipompeleka mtoto wa pili kliniki akiwa na wiki sita, nesi aliniuliza kama nataka kupumzika kuzaa. Nikasema ndiyo kabla hajamaliza kuuliza, kwa sababu wanangu wamepishana mwaka na miezi minne, na nilichokiona sitaki kukiona tena. Nikachomwa sindano ya miezi mitatu. Sikuulizwa mengi na mimi sikuuliza. Tangu siku hiyo nimechomwa mara 11 na sijakosa hata tarehe moja. Mimba sijapata, hilo nashukuru.

Tatizo ni mwili. Nilikuwa na kilo 58, sasa nina 73. Kilo 15, Shangazi! Kadi zangu zote nimezitandaza hapa kitandani. Kadi ya ujauzito, hudhurio la kwanza: 58. Siku ya sindano ya kwanza: 64. Sindano ya tatu: 68. Wiki iliyopita nilipima kwenye duka la dawa hapa mtaani: 73. Urefu wangu ni sentimita 158. Magauni niliyojishonea mwenyewe hayapiti mapajani. Fundi wa nguo za watu, mwenyewe navaa dera Jumatatu hadi Jumatatu.

Mama mkwe anafurahi, anasema nimenawiri, mwanawe ananilisha. Mume wangu hakuwa na neno mpaka mwezi uliopita, alipotania kwamba kitanda siku hizi kimekuwa kidogo. Nilicheka, kisha nikaenda kulia bafuni. Na hamu ya tendo imepungua, sijui ni sindano au ni huo utani.

Hedhi sijaiona karibu miaka miwili. Jirani yangu anasema damu isiyotoka ndiyo inayoganda tumboni ikawa kitambi. Yeye anauza dawa ya majani ya kusafisha homoni, dozi ya wiki tatu shilingi 65,000. Sijanunua, ila nusu ya pesa nimeshaiweka.

Basi nimegoma. Tarehe yangu ya kurudi imepita leo siku ya 16 na sijaenda. Nataka kubadilisha njia, lakini kila ninayoigusa ina balaa lake. Wifi yangu aliwekewa kijiti akatokwa na damu siku 40, matone tu, leo yapo kesho hayapo. Hajui aswali au asiswali, Ramadhani yote akawa anahesabu madeni. Akaenda kukitoa. Kitanzi naambiwa mume atakihisi, tena kinaweza kupanda juu kikapotea. Halafu mimi kabla ya kuzaa hedhi yangu ilikuwa nzito, na ujauzito wa pili niliambiwa damu yangu ni 8.9, nikameza vidonge vya kuongeza damu mpaka siku ya kujifungua. Vidonge vya majira najijua, nitasahau. Isitoshe, pale duka la dawa walinipima na presha ikasoma 138 kwa 88, yule kijana akaniambia, "Imepanda kidogo mama, punguza mawazo." Bibi yangu anasema niachane na yote hayo, anifunge pigi kiunoni kama alivyofungwa yeye. Na yeye kazaa tisa.

Mtoto mwingine namtaka, lakini baadaye, labda miaka mitatu au minne ijayo. Chakula nakula cha kawaida tu: asubuhi chai ya maziwa na maandazi matatu, mchana wali au ugali na samaki, jioni kilichopo. Nikiwa nashona chai haikatiki, kama vikombe vinne kwa siku, vijiko vitatu vya sukari kila kikombe, na jua likiwa kali nashushia soda. Zamani nilikuwa naendesha baiskeli kutoka Mikanjuni hadi Ngamiani kila siku kwenda kwa fundi aliyeniajiri. Sasa cherehani yangu iko barazani.

Nikifika kwa nesi nimwambie nini?

Mama wa Wawili, Tanga

*

Marahaba, mwanangu.

Siku barua yako ilipofika nilikutumia ujumbe mfupi, kwa sababu lilikuwamo jambo lisiloweza kusubiri zamu ya kuchapishwa. Nalirudia hapa kwa ajili ya wenzako waliogoma kama wewe. Sindano ya miezi mitatu ikichelewa, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaruhusu kuchomwa hadi wiki 4 baada ya tarehe ya kurudi, bila kupima mimba na bila kinga ya ziada. Wewe ulikuwa umetumia siku 16 kati ya 28. Zimebaki 12. Ukiingia kliniki ndani ya siku hizo, unaweza kuhama kutoka sindano kwenda kijiti au kitanzi siku hiyo hiyo bila pengo. Ukizipitisha, itabidi kwanza tuhakikishe hujashika mimba.

Nasema hivi kwa sababu kwenye chumba cha uzazi wa mpango nimekaa miaka mingi, na kina mama niliowapokea wakilia na mimba wasiyoitaka wengi hawakuangushwa na dawa. Waliiacha njia moja wakiwa bado wanafikiria nyingine. Wamesikia kwamba sindano huchelewesha kushika mimba, na ni kweli: wanaoacha ili wazae, nusu yao hushika ndani ya takribani miezi 10 tangu sindano ya mwisho. Lakini hiyo nusu ina watu wa mwezi wa tano na wa sita ndani yake. Usiufanye wastani kuwa kinga.

Na kama katika siku hizo 12 kitu unachokitaka hakipo kituoni, au mwenye kukiweka yuko likizo, chomwa sindano moja zaidi ununue miezi mitatu ya kujipanga. Najua utakunja uso. Sindano moja haitakuongezea kilo 15.

Sasa tuzishike hizo kilo 15, maana umezitaja kwa uchungu na umeniletea ushahidi wa kadi, jambo ambalo watu wachache hulifanya. Zisome tena kadi zako. Ile 58 ni ya hudhurio la kwanza la ujauzito. Siku unachomwa sindano ya kwanza ulikuwa na 64. Kwa hiyo kilo 6 ulitoka nazo kwenye uzazi, sindano haijakugusa bado. Kesi yake inaanzia 64, na inayodaiwa ni kilo 9.

Je, ina kosa? Inalo. Watengenezaji wa Depo-Provera, jina la kibiashara la sindano ya miezi mitatu, wenyewe wameandika kwenye karatasi ya dawa kwamba wanawake waliofuatiliwa waliongezeka kwa wastani wa kilo 2.5 mwaka wa kwanza, 3.7 baada ya miaka miwili na 6.3 baada ya miaka minne. Wewe una miaka miwili na miezi tisa, kwa hiyo wastani wa watu wa umri wako kwenye sindano ungeangukia karibu na kilo 5. Ongezeko hilo huwa zaidi ni mafuta, si maji. Wengi husema njaa huwajia kwa kasi nyingine, sahani ikiisha mkono bado unatafuta.

Lakini wastani unaficha watu. Nimewapima wanawake waliochomwa miaka mitano wasiongezeke hata nusu kilo, na nimewapima wengine ambao kila hudhurio mzani ulisogea. Ipo dalili tunayoiangalia mapema: mtu akiongezeka zaidi ya asilimia 5 ya uzito wake katika miezi sita ya kwanza, huyo kuna uwezekano mkubwa ataendelea kuongezeka. Asilimia 5 ya 64 ni kilo 3.2. Wewe sindano ya tatu, yaani mwezi wa sita, ulikuwa 68. Umepita. Siku ile kuna mtu alipaswa kuinua kichwa kwenye kadi na kukuuliza, "Mama, mwili unauonaje?" Hakuuliza, na foleni ya nje ilikuwa ndefu, naijua. Lakini wewe hukukosea kuhisi kwamba kuna kitu. Sababu ya kubadilisha njia unayo, na hata mtu akikuambia ni mawazo yako, kadi inamjibu.

Kilo zinazobaki ni za baiskeli na kikombe. Nitarudi huko, usikimbie.

Kabla ya hapo niondoe la jirani. Damu haigandi tumboni. Hedhi ni ukuta laini ambao mfuko wa uzazi huujenga kila mwezi na kuubomoa. Homoni ya sindano inauacha ukuta huo mwembamba, hakuna kilichojengwa, basi hakuna cha kubomoka. Baada ya mwaka mmoja zaidi ya nusu ya wanaochomwa huwa hawaoni hedhi. Kwako wewe hiyo ni heri iliyojificha: mtu aliyeingia na damu 8.9 amepata karibu miaka miwili ya kutovuja. Huenda akiba yako ya madini chuma imejaa kuliko ilivyopata kujaa tangu uvunje ungo. Na homoni haisafishwi na majani. Ya sindano inaisha yenyewe taratibu kadiri miezi inavyopita. Nyingi ya dawa hizo za kusafisha nilizozishuhudia zinaharisha, mtu anapoteza maji, mzani unashuka kilo mbili Jumamosi na kuzirudisha Jumanne. Hiyo nusu ya 65,000 uliyoiweka nitakuonyesha mahali pake.

Kuhusu pigi la bibi, mpe shikamoo yangu. Watoto tisa wanatosha kuwa jibu.

Haya, njia. Nitazipitia kwa mwili wako, maana njia nzuri kwa wifi yako inaweza kuwa mbaya kwako, na kinyume chake.

Vidonge vya majira tuviweke pembeni kwanza, na sababu yangu si kusahau. Kwa upande wa uzito vinasingiziwa: tafiti zilizolinganisha vidonge vya homoni mbili na vidonge visivyo na dawa hazikuonyesha ongezeko kubwa la kilo. Kinachonizuia ni presha yako. Hivyo vya homoni mbili vina estrojeni ndani yake, na vyenye estrojeni havipewi mtu ambaye presha yake imefika 140 kwa 90, na wewe umesimama mlangoni. Kipimo kimoja cha duka la dawa, umetembea juani, umekaa bila kupumzika, hakitoshi kusema una ugonjwa wa presha. Lakini hakitoshi pia kusema huna. Pima tena siku mbili tofauti, asubuhi, umekaa kimya dakika tano, mkono umeegemea meza. Mpaka hapo tusiviguse. Vipo vidonge vya homoni moja ambavyo haviogopi presha hivyo, ila kwa asiyenyonyesha vinataka saa ile ile kila siku, na nyingi ya aina zake ukichelewa saa tatu tu umeharibu. Umeniambia unajijua. Nakuamini.

Kalenda usiifikirie kwa sasa. Huwezi kuhesabu siku za hedhi ambayo haipo.

Yamebaki mawili, kijiti na kitanzi, na hapa naomba utulie, maana ndipo mtego wako ulipo.

Kuna utafiti mkubwa uliofanyika Kenya, Afrika Kusini, Eswatini na Zambia, matokeo yake yakatoka mwaka 2019. Ulihusisha wanawake 7,829. Shabaha yake ilikuwa kujua kama sindano inaongeza hatari ya kupata VVU kuliko njia nyingine, na haikuonekana tofauti kubwa. Lakini wanawake wale walikuwa wakipimwa uzito, na uzuri wa utafiti wenyewe ni kwamba nani apate njia gani iliamuliwa kwa bahati nasibu, kwa hiyo huwezi kusema walionenepa walijichagua. Katika mwaka hadi mwaka na nusu, wa sindano waliongezeka wastani wa kilo 3.5. Wa kijiti aina ya Jadelle, kilo 2.4. Na wa kitanzi cha shaba, ambacho hakina homoni hata chembe, kilo 1.5.

Iangalie hiyo ya mwisho. Shaba haileti njaa. Ile kilo moja na nusu ni ya maisha: umri, chakula, kukaa. Ukiitoa kwenye hesabu za wengine, sindano inabaki na deni la kilo 2 na kijiti chini ya kilo moja. Ndiyo maana mtu akiniambia kijiti kinanenepesha sawa na sindano namwambia hapana, na akiniambia hakinenepeshi kabisa, hapo pia nasita.

Kwa hiyo ukiuliza mzani peke yake, jibu ni kitanzi cha shaba, kile tunachokiita lupu na Wakenya wanaita koili. Kinakaa hata miaka 10 au 12, unakitoa siku unayotaka, na uwezo wa kushika mimba unarudi pale pale, tofauti na sindano. Wanaopata mimba nacho mwaka wa kwanza hawafiki mmoja kati ya mia. Hakisafiri kwenda kifuani; kinakaa ndani ya mfuko wa uzazi. Mara chache sana kinaweza kutoboa ukuta wakati wa kuwekwa, kwa hiyo omba mtu mwenye mkono mzoefu wala usione haya kuuliza ameshaweka vingapi. Kinaweza pia kuchomoka, hasa miezi ya mwanzo. Nyuzi zake mume akizihisi unarudi zinakatwa fupi, na kwa kawaida zinalainika zenyewe.

Shida yake ni hedhi. Miezi mitatu hadi sita ya kwanza damu huwa nyingi na maumivu huongezeka, na wewe hedhi yako ilikuwa nzito tangu kabla ya kuzaa. Kwa mtu aliyewahi kusoma 8.9 siwezi kusema kiweke tu kisha nikalala. Ndiyo maana kipimo cha wingi wa damu ndicho kitakachoamua. Ikisoma 12 au zaidi, kitanzi kinakufaa, na nesi akupe vidonge vya madini chuma vya kuanzia. Ikisoma chini ya hapo hukatazwi moja kwa moja, lakini mimi nisingekianza leo. Ningechukua kijiti huku damu ikijengwa.

Kipo pia kitanzi chenye homoni, kinachofanya kinyume: kinapunguza hedhi, na homoni yake nyingi inabaki palepale mfukoni. Kwa mwanamke wa hedhi nzito ni kitu kizuri sana. Hakipatikani kila kituo, lakini uliza. Kuuliza ni bure.

Kijiti sasa. Kinakaa chini ya ngozi ya mkono, upande wa ndani, ukipapasa unakigusa. Implanon ni kimoja cha miaka mitatu, Jadelle ni viwili vya miaka mitano. Kwa mpango wa miaka mitatu zote zinaingia, kwa wa minne ni Jadelle. Hakitaki kukumbuka kitu, hakigombani na presha uliyonayo, na kati ya wanawake elfu wanaokitumia mwaka mzima ni kama mmoja tu atakayepata mimba. Ila alichokueleza wifi yako si uzushi. Kijiti kinavuruga mpangilio wa hedhi. Wengine wanapata matone yasiyoeleweka miezi kadhaa, wengine inakatika kabisa, na hakuna mtu anayeweza kukutabiria. Kwa wengi vurugu hupungua baada ya mwaka wa kwanza. Siku 40 za matone hazimuui mtu wala hazimalizi damu, lakini zinachosha, na kwa mwenye kuswali zinachosha mara mbili. Laiti angerudi kituoni kabla ya kukitoa: zipo dawa za siku chache za kutuliza matone, na nesi anazijua. Za kwako azichague akiwa na presha yako mkononi.

La aswali au asiswali mimi si wa kulijibu. Lina jina lake, istihadha, na wanavyuoni wameliandikia milango mizima. Mtafute ustadhi au mwalimu wa kike wa madrasa unayemwamini, mweleze wazi kuwa ni matone ya dawa, na muulize kabla kijiti hakijawekwa ili yasikukute Ramadhani huna jibu. Nimeona kina mama wa Tanga, Pangani na Unguja wakitoa vijiti vyema kabisa kwa sababu hiyo moja, na nesi akiandika kwenye daftari "sababu binafsi".

Kwa hiyo nikilazimishwa kuchagua: damu ikiwa 12, kitanzi cha shaba. Ikiwa pungufu, kijiti. Sindano ibaki ya dharura tu, na ukiambiwa ipo sindano ndogo mpya ya kujichoma mwenyewe chini ya ngozi, ujue ni homoni ile ile kwa kipimo kidogo, hukuhama nyumba. Pia sindano ikitumika miaka mingi inapunguza uimara wa mifupa, ingawa sehemu kubwa hurudi ukiacha. Hata bila mambo ya kilo, mwaka huu ulikuwa wa kuijadili upya.

Uliuliza umwambie nini nesi. Mwambie hivi: "Nimechomwa mara 11, nimeongezeka kilo 9 tangu ya kwanza, nne kati ya hizo ndani ya miezi sita. Damu yangu ujauzitoni ilikuwa 8.9. Presha yangu juzi 138 kwa 88. Nataka mtoto baada ya miaka mitatu au minne. Nipime damu na presha kisha tuchague." Nenda na kadi zote. Akianza kuandaa sindano kabla hujamaliza, rudia kuanzia mwanzo. Katika vituo vya serikali uzazi wa mpango hutolewa bure. Ile nusu ya 65,000 itumie kwa kipimo cha damu kama pale hakipo ukalazimika kwenda nje.

Kuhusu hamu, sindano inashusha estrojeni na wapo wanaolalamikia ukavu na kupoa. Ukibadilisha njia huenda ikarudi. Lakini mwanamke aliyelia bafuni juu ya utani wa kitanda hana haja ya kutafuta homoni ya kulaumu usiku ule. Mwambie mumeo yale maneno yalikuchoma. Na kwa kuwa ana maoni juu ya kilo, mkumbushe kwamba kondomu inavaliwa na yeye na haijapata kumnenepesha mtu.

Sasa kikombe. Nilisema nitarudi. Vikombe vinne kwa vijiko vitatu ni vijiko 12 vya sukari kwa siku, na chupa moja ya soda ya mililita 350 inaongeza karibu vijiko tisa. Ishirini na kimoja, mwanangu, kabla hatujagusa andazi. Sikukatazi chai, mshonaji bila chai ni mashine bila uzi. Shusha kijiko kimoja wiki hii, kingine mwezi ujao, ulimi unazoea. Soda iwe ya harusini. Kubadilisha njia kutaizima ile njaa ya kusukumwa, taratibu, katika miezi kadhaa, lakini kilo zilizokwisha kukaa hazitaondoka kwa kuona sindano imeondoka. Kwa urefu wako, 73 imekuacha hatua ndogo tu kabla ya mstari wa unene wa kupindukia, na presha yako imeanza kuitikia. Ndiyo maana nalifuatilia hili. Dera silipigi vita, na mama mkwe naye muache afurahi.

Ukishapima niandikie namba mbili, ya damu na ya presha, tujue tumesimama wapi. Na kama ile baiskeli bado ipo uani na mnyororo umeshika kutu, mafuta ya cherehani yanatosha kuulainisha.

Shangazi